Kulinganisha Vyeti vya Elimu vya Nchi Mbalimbali

Mazungumzo kwa watumishi wa umma na wakaazi wa Unguja na Pemba



Afisa anayepokea maombi ya kazi au ya masomo hapa visiwani huweza kukuta juu ya meza yake, kwa siku moja, bahasha tatu zenye vyeti vya nchi tatu. Bahasha ya kwanza ni ya kijana aliyelelewa Muscat, na ndani yake mna diploma. Ya pili ni ya mwombaji aliyesoma Lubumbashi zamani kidogo, na cheti chake kimeandikwa kwa Kifaransa licence. Ya tatu ni ya aliyesoma Cairo, na juu ya karatasi yake limeandikwa, kwa herufi nzuri za Kiarabu, neno shahada. Afisa asiyekuwa na uzoefu atazipanga upesi: shahada ataiweka juu, diploma chini yake, na ile licence ataitia kando kwa kudhani kuwa ni leseni ya biashara.

Mpango huo umekosewa tangu mwanzo hadi mwisho. Neno shahada katika Kiarabu ni cheti cha aina yoyote, na shahada ya thanawiya ni cheti cha kumaliza skuli ya sekondari, wala si digrii kama neno hilo linavyofahamika katika Kiswahili. Diploma ya Elimu ya Jumla ya Oman nayo hutolewa mwisho wa darasa la 12, kabla kijana hajaingia chuo chochote. Haifanani na stashahada ya Tanzania, ambayo ni masomo ya baada ya sekondari. Ama licence ya Kongo ya mfumo wa zamani, hiyo ilipatikana baada ya miaka 3 ya masomo ya chuo yaliyoitwa graduat na miaka 2 mingine juu yake. Kwa hiyo aliyetiwa kando ndiye aliyekaa chuo kikuu miaka 5, na wawili waliopandishwa juu yake ndio kwanza wametoka skuli.

Si hivyo tu. Kongo yenyewe imebadilisha mfumo. Katika mageuzi yaliyoanza kutekelezwa kwa upana katika mwaka wa masomo wa 2021/2022, licence imekuwa digrii ya kwanza ya miaka 3, na juu yake zikafuata masta na udaktari. Karatasi mbili za nchi moja, zenye neno moja, zinaweza basi kupishana kwa miaka miwili ya chuo, na kinachozitenganisha ni tarehe tu. Afisa ambaye hakutazama tarehe hakukisoma cheti.

Mfano huu si wa kuwacheka maafisa. Kila upande wa dunia hufanya makosa ya namna hii, na vijana wa Zanzibar waliokwenda kutafuta nafasi ng'ambo wamekumbana nayo pia, stashahada zao zikisomwa kama vyeti vya skuli kwa sababu msomaji wa huko alizoea diploma ya kwao. Kinachopotea katika makosa hayo ni miaka ya mtu. Mwenye sifa huambiwa aanze upya. Na pengine, jambo ambalo ni baya zaidi kwa umma, asiyekuwa na sifa hukabidhiwa darasa la watoto au chumba cha dawa.

Dawa iliyotafutwa na nchi nyingi katika miongo ya karibuni ni mfumo wa rejea wa pamoja. Kwa mtu wa visiwani si vigumu kuufahamu, maana jambo lenyewe ni la mizani. Karafuu za Pemba zilipimwa kwa frasila, ambayo ni takriban kilo 16. Nafaka madukani ilipimwa kwa pishi, na pishi moja ni vibaba 4. Mnunuzi wa ng'ambo alijua kilo au ratili. Hakuna aliyemlazimisha mkulima aache frasila yake, wala mnunuzi ajifunze kibaba. Kilichohitajika ni jedwali linaloaminiwa na pande zote mbili, linaloonesha kipimo hiki kinakutana wapi na kile. Mfumo wa rejea wa elimu ni jedwali la namna hiyo. Nchi hubaki na vyeti vyake na majina yake, ila kila cheti huelezwa kimesimama katika ngazi gani ya mfumo wa pamoja, na kwa njia hiyo vyeti vya nchi mbili ambavyo havijawahi kukutana hulinganishwa kwa kupitia mfumo huo.

Inafaa ikumbukwe kwamba Afrika Mashariki haikuhitaji jedwali hilo katika siku zilizopita. Wanafunzi wa Unguja, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala walifanya mitihani ya Cambridge, na baadaye, kuanzia mwaka 1967, kukawa na Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilichoanzishwa mwaka 1963 kilikuwa kimoja chenye vyuo vitatu, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Mtu aliyetoka na cheti upande mmoja hakuulizwa maana yake upande wa pili. Kisha chuo hicho kikagawanyika mwaka 1970 na kuwa vyuo vikuu vitatu. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Kenya nayo ilianza mwaka 1985 mfumo wa miaka 8 ya msingi, 4 ya sekondari na 4 ya chuo kikuu, na kidato cha tano na cha sita vikaondoka huko.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza, na ulikuwa ugumu wa kweli. Kijana wa Tanzania au wa Uganda aliingia chuo kikuu baada ya miaka 13 ya masomo, yaani 7 na 4 na 2. Wa Kenya aliingia baada ya 12, lakini akakaa chuoni miaka 4 pale ambapo mwenzake, kwa masomo mengi, alikaa miaka 3. Jumla ni 16 kwa 16. Mwenye kutazama jumla alisema hakuna tofauti. Mwenye kutazama mlango wa chuo alisema Mkenya amepungukiwa na mwaka. Kila upande ulikuwa na hoja, na wanafunzi waliovuka mpaka walibaki katikati wakisubiri pande hizo zikubaliane. Siku hizi hesabu hiyo inabadilika tena, kwa kuwa Kenya inauacha mfumo ule: mtihani wa mwisho wa kumaliza darasa la 8 ulifanyika mwaka 2023.

Wala haihitajiki kuvuka bahari ya mbali ili kuona kwamba miaka peke yake haitoshi kuwa kipimo. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliweka elimu ya msingi ya miaka 6 na sekondari ya miaka 4, wakati Tanzania Bara kwa muda mrefu ilikuwa na miaka 7 ya msingi. Mwanafunzi wa Chake Chake na wa Morogoro hukaa katika mtihani mmoja wa kidato cha nne, na hupewa cheti kimoja, ingawa mmoja amepita katika madarasa 10 na mwingine 11. Hakuna anayesema cheti cha Chake Chake ni pungufu. Toleo la mwaka 2023 la sera ya elimu limeipeleka Bara nayo kwenye miaka 6. Ikiwa ndani ya nchi moja hesabu ya miaka hukubaliwa kutofautiana, haiwezekani iwe ndiyo hukumu baina ya nchi na nchi.

Kwa sababu hiyo mifumo ya rejea haiulizi mtu amekaa darasani miaka mingapi. Huuliza, mwenye cheti hiki anajua nini, anaweza kufanya nini, na anaweza kuachiwa dhamana ya kiasi gani bila ya kusimamiwa? Bunge la Ulaya na Baraza la Umoja wa Ulaya waliupitisha mfumo wao tarehe 23 Aprili 2008, wenye ngazi 8, na kila ngazi imeandikiwa maelezo chini ya vichwa vitatu: maarifa, stadi, na, kwa maneno ya marekebisho ya mwaka 2017, uwajibikaji na kujitegemea. Malta, nchi ya visiwa iliyo ndogo kuliko Unguja, ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kutoa taarifa ya kuoanisha ngazi zake na zile za Ulaya, mwaka 2009. Huenda udogo wake ulichangia haraka hiyo. Nchi ambayo vijana wake lazima watoke ndiyo inayohitaji zaidi vyeti vyake visomeke nje.

Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki msingi wa sheria ni Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyotiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ibara ya 11 inazitaka nchi wanachama kutambuliana sifa za kielimu na za kitaaluma. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, ndilo lililosimamia utayarishaji wa mfumo wa sifa za elimu ya juu uliopitishwa mwaka 2015, nao una ngazi 8, na tarehe 20 Mei 2017 Wakuu wa Nchi walitangaza kwamba Jumuiya ni eneo moja la elimu ya juu. Nchi za Kusini mwa Afrika, ambazo Tanzania ni mojawapo, zina mfumo wao wenye ngazi 10. Umoja wa Afrika nao umetayarisha mfumo wa bara zima, wenye ngazi 10 vile vile.

Sasa ndugu wananchi wataona mtego uko wapi. Neno ngazi katika Kiswahili lina maana mbili: ni kile kipandio kimoja anachokanyaga mtu, na ni ngazi nzima iliyoegemezwa ukutani. Anayesema yupo ngazi ya sita hajasema kitu mpaka aeleze ngazi anayoizungumzia ina vipandio vingapi, na imeegemezwa kwenye ukuta gani.

Ichukuliwe namba 6 yenyewe. Katika mfumo wa elimu ya ufundi wa Tanzania, ngazi ya 6 ni stashahada ya kawaida. Ya 7 ni stashahada ya juu, na shahada ya kwanza ipo ngazi ya 8. Katika mfumo wa Afrika Mashariki, na katika ule wa Ulaya, ngazi ya 6 ndiyo shahada ya kwanza. Kenya imeiweka stashahada ngazi ya 6 na shahada ya kwanza ngazi ya 7. Afrika Kusini nayo imeiweka shahada ya kwanza ngazi ya 7. Scotland, yenye mfumo wa ngazi 12, shahada ya kwanza ya kawaida ni ngazi ya 9, na ile ya heshima ni ya 10. Na hiyo 10 kwa Tanzania ni udaktari wa falsafa. Cheti hakikubadilika, ila namba yake imetembea kutoka 6 mpaka 10 kwa kuvuka mipaka.

Kwa mtu wa pwani hili halipaswi kuwa geni. Tiketi ya boti ya kwenda Dar es Salaam huandikwa 7:00, na msafiri humwambia mwenzake kuwa boti inaondoka saa moja asubuhi. Wote wawili wamesema kweli, na hakuna anayeachwa gatini, kwa sababu kila mmoja anajua ni saa ya namna gani inayosomwa. Anayeachwa ni mgeni aliyesikia "saa moja" akaitazama saa yake ikamwonesha 1:00.

Madhara ya kuusahau mtego huu huwapata watu wa pande mbili. Kijana wa Zanzibar mwenye stashahada akijaza fomu ya Ulaya kwamba ana "ngazi ya 6", atasomwa kuwa na shahada; na uhakiki ukifanywa, ataonekana amedanganya, hali hakukusudia udanganyifu wowote. Aliyesoma Uingereza na kurudi na digrii iliyoandikwa ngazi ya 6 anaweza naye kupangiwa hapa mshahara wa mwenye stashahada. Kwa hiyo inasisitizwa kwamba katika barua, fomu na majalada isiandikwe kamwe namba ya ngazi pekee yake. Liandikwe jina la mfumo, idadi ya ngazi zake, na jina la cheti kwa lugha ile ile iliyotumika kwenye cheti, bila ya kufasiriwa. Tafsiri ifuate baadaye katika mabano au katika karatasi yake, kwa maana tafsiri ya haraka ndiyo iliyoifanya thanawiya ikawa digrii.

Lipo jambo la pili linalosahauliwa zaidi, nalo ni ukubwa. Ngazi huonesha urefu aliopanda mtu. Haioneshi mzigo aliobeba. Uingereza hutoa tuzo fupi za ngazi ya 7, ngazi ambayo ndiyo ya shahada ya uzamili, na tuzo ya namna hiyo inaweza kuwa ya saa zisizozidi 120 za kujifunza. Shahada ya uzamili yenyewe huko ni ya alama 180 za mzigo wa masomo, sawa na saa 1,800. Vyote viwili vimeandikwa ngazi ya 7 kwa haki kabisa. Mwombaji anayeleta tuzo fupi na kudai kuwa ana uzamili hakughushi karatasi. Amesoma namba moja na kuiacha ya pili.

Alama za mzigo nazo zina vipimo vyake. Tanzania na mfumo wa Afrika Mashariki huhesabu saa 10 za kujifunza kwa alama moja, na mwaka wa chuo ni alama 120. Ulaya huhesabu saa 25 hadi 30 kwa alama moja, na mwaka ni alama 60. Anayehamisha masomo kutoka huku kwenda kule asihesabu kwamba 120 ni nyingi kuliko 60. Na anayedhani kwamba nusu kwa nusu inatosha, naye afanye hesabu ya saa: 1,200 upande mmoja, na 1,500 au zaidi upande wa pili. Vyuo vingi hupita juu ya tofauti hiyo kwa kutazama mwaka kwa mwaka, na huenda ndiyo busara. Lakini mwanafunzi anayehamia katikati ya masomo na ajue mapema kwamba anaweza kuombwa kurudia somo moja au mawili.

Ni haki pia kusema kwamba mifumo hii haina miujiza, na wapo wataalamu walioipinga kwa hoja nzito. Afrika Kusini ilitunga sheria ya mfumo wake mwaka 1995, katika matumaini makubwa ya kuondoa urithi wa ubaguzi katika elimu. Yakaandikwa maelfu ya viwango vidogo vidogo vya kila kazi na kila stadi, na vingi miongoni mwao havikuwahi kufundishwa na mtu wala kutahiniwa. Sheria mpya ilibidi itungwe mwaka 2008, na ngazi zikafanywa 10 badala ya 8. Walichojifunza wengine kutoka kwao ni kwamba maneno mazuri ya maelezo ya ngazi hayamfundishi mtoto kusoma. Chuo kinaweza kuandika kwamba wahitimu wake "wana uwezo wa kuchambua matatizo magumu", na maneno hayo yakaingia sawasawa katika ngazi iliyokusudiwa, hali chuo chenyewe hakina maktaba. Mizani ya karafuu vile vile hutoa uzito. Haisemi kama karafuu zimeanikwa zikakauka au zimetiwa maji. Kwa karafuu yupo mkaguzi. Kwa vyuo, kazi hiyo ni ya mamlaka za ithibati za kila nchi, na jedwali la kulinganisha haliwezi kuaminiwa zaidi kuliko ukaguzi ulio nyuma yake.

Kwa hiyo swali la kwanza juu ya cheti chochote cha nje si ngazi yake. Ni kama chuo kilichokitoa kilikuwa kimetambuliwa na mamlaka ya nchi yake katika mwaka ule kilipokitoa. Wapo wanaouza vyeti kwa majina yanayofanana na ya vyuo vikuu mashuhuri, tofauti ikiwa ni neno moja au herufi. Aliyenunua bila ya kujua hupoteza fedha. Aliyenunua kwa kujua hupoteza zaidi akigundulika, hata akiwa ameshatumikia miaka mingi.

Kuhusu nani anayelinganisha nini, kuna mkanganyiko unaowazungusha wananchi bure kutoka afisi hii hadi ile. Vyeti vya sekondari vya nchi za nje hulinganishwa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Tuzo za vyuo vikuu vya nje hutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ambayo kazi yake inahusu pande zote mbili za Muungano. Tuzo za elimu ya ufundi zipo chini ya Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Mwajiri hana mamlaka ya kujilinganishia mwenyewe kwa macho, hata kama yeye mwenyewe alisoma katika nchi hiyo hiyo. Wala afisa asimrudishe mwombaji kwa maneno matupu ya kuwa "cheti hiki hakijulikani". Amwelekeze kwenye chombo kinachohusika na ampe muda wa kuleta jibu.

Jambo la kutopuuzwa ni kwamba kutambuliwa kwa cheti na kupewa kazi ni mambo mawili. Itifaki ya Soko la Pamoja iliyotajwa imeruhusu wafanyakazi wa Jumuiya kuvuka mipaka, lakini Ibara yake ya 10 imesema wazi kwamba ruhusa hiyo haihusu ajira katika utumishi wa umma isipokuwa sheria za nchi inayopokea zimeruhusu. Mwalimu kutoka nchi jirani ambaye shahada yake imetambuliwa hakupata kwa hilo haki ya kuajiriwa na Serikali. Amepata haki ya kutoambiwa kwamba hakusoma. Vile vile daktari, muuguzi au mhandisi anahitaji, juu ya cheti, usajili wa baraza la taaluma yake. Kwa baadhi ya taaluma nchi za Jumuiya zimeshaandikiana mikataba ya kutambuliana moja kwa moja: wahasibu na wasanifu wa majengo mwaka 2011, wahandisi mwaka 2012, na madaktari wa mifugo mwaka 2016. Walimu, ambao ndio wengi kuliko wote, hawamo katika orodha hiyo.

Mikataba mikubwa ya kimataifa imeleta kanuni moja ambayo kila afisa angepaswa kuijua kwa moyo. Mkataba wa Lisbon wa mwaka 1997 uliweka kwamba cheti cha nchi nyingine kitambuliwe, isipokuwa ikithibitishwa kuwa kipo tofauti ya msingi; na mzigo wa kuthibitisha tofauti hiyo umewekwa juu ya anayekataa. Mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 2014 kwa nchi za Afrika, ulioanza kutumika tarehe 15 Desemba 2019, na Mkataba wa Dunia wa UNESCO wa mwaka 2019, ulioanza kutumika tarehe 5 Machi 2023, imefuata mwendo huo huo. Mikataba hiyo huzifunga nchi zilizoiridhia tu. Hata hivyo kanuni yenyewe ni ya uadilifu na haihitaji kuridhiwa ili ifuatwe mezani. Tofauti ya jina si tofauti ya msingi, wala ya mwaka mmoja wa skuli peke yake. Daktari ambaye hakufanya mafunzo ya vitendo wodini ana tofauti ya msingi, na hapo afisa akikataa amelinda umma.

Wapo pia wananchi wasiokuwa na bahasha yoyote. Fundi seremala wa Mji Mkongwe aliyejifunza kuchonga milango kwa mzee wake, na fundi wa boti wa Nungwi, wana stadi ambazo baadhi ya wenye vyeti hawana. Maelezo ya ngazi yanapouliza mtu anaweza kufanya nini, badala ya kuuliza alikaa darasa gani, hufungua mlango kwa watu hao. Utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mafunzo rasmi umekwisha kuanza nchini: fundi hupimwa kwa kazi yake na, akifuzu, hupewa cheti. Ni sehemu ya mfumo inayozungumzwa kidogo mno, na inayostahiki kuzungumzwa zaidi, kwa kuwa fundi huyo naye siku moja hupata nafasi ya kazi Muscat au Nairobi na huulizwa karatasi.

Yafuatayo ni kwa wale ambao wana karatasi na wanakusudia kuzipeleka kulinganishwa. Cheti peke yake hakitoshi. Huhitajika pamoja na orodha kamili ya masomo na alama, na ni rahisi zaidi kuiomba orodha hiyo kabla ya kuondoka chuoni kuliko miaka 10 baadaye, wakati chuo pengine kimebadilishwa jina au nchi imo vitani. Waliosoma Sudan kabla ya vita vilivyozuka Aprili 2023 wanalijua hili kuliko mtu yeyote. Nakala zithibitishwe, na tafsiri ifanywe na mfasiri anayekubalika, si na mwombaji mwenyewe. Mwisho yatazamwe majina. Mtoto aliyeandikishwa skuli kwa jina la Hamis, akaandikwa Khamis katika pasi, na chuo cha Kiarabu kikaliandika jina lake pamoja na la babu na la ukoo, huonekana katika majalada kuwa ni watu watatu. Hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina yote ni ya mtu mmoja na iambatanishwe tangu siku ya kwanza ya maombi, pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa, ili jalada lisirudishwe kwa sababu hiyo tu.